Msikilizaji Mmoja Aliye Mbali

Mama mwenye mtoto aliye safarini, hasa yule ambaye simu yake haipatikani, aisikie habari ya Nyanjige wa Ngulyati, asije akafanya kama yeye. Nyanjige hakuwa mama mbaya. Hapo ndipo penye kutisha.

Machibya alikuwa uzazi wake wa kwanza, na siku aliyozaliwa jina la Nyanjige likafa, kama ilivyo kwa kila mwanamke. Kijiji kizima kikamwita Mama Machibya. Kisimani ni Mama Machibya, kanisani ni Mama Machibya, hata mumewe Mwandu akitaka maji ya kunawa alisema, "Mama Machibya, hayo maji yanatoka ziwani?" Baadaye sana, baada ya mimba kuharibika na nyingine kuharibika, akaja Precious, mtoto wa kike. Jina la mama halikubadilika. Wa kwanza ni wa kwanza.

Machibya alikua akawa fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa njia panda, na watu wa kutoka Kasoli walimletea baiskeli zilizopinda fremu kwa magunia ya pamba. Kisha ukaja mwaka wa jua kali, pamba ikanyauka ikiwa magotini, na mtu asiye na pamba hana haja ya kunyoosha fremu. Ndipo dereva mmoja wa lori akamwambia, "Kijana, unakaa hapa unasubiri nini? Nenda Tanga. Kule mpaka walimu wakuu wanapanda baiskeli."

Akaondoka na baiskeli ya baba yake, ile nyeusi, imefungwa juu ya basi. Mwandu alisimama stendi ya Bariadi mikono nyuma akasema, "Hiyo baiskeli ni jasho langu. Nenda nayo, lakini urudi nayo." Alisema huku anacheka. Lakini mtoto wa Kisukuma akiambiwa na baba yake arudi na kitu, hasikii kicheko, anasikia kitu.

Akafika salama. Akapiga simu. "Mama, huku baiskeli ni kama kumbikumbi!" Akapiga tena, na tena, halafu hakupiga. Nyanjige akipiga yeye, yule dada wa kwenye simu anamjibu kwamba namba haipatikani. Mwezi ukapita, mvua ikaja, mahindi yakavunwa, dada yule yule, maneno yale yale.

Hapo ndipo akaja Kabula, shangazi yake Mwandu, kutoka Mwamapalala. Akaketi, akanywa maji, akauliza kwa sauti ndogo, "Huyo kijana bado mnamtaja hovyo?"

"Kumtaja vipi, mayu?" Nyanjige akamwuliza, kama anavyomwuliza mama yake.

"Nimesikia njia nzima. Mama Machibya, Mama Machibya. Jina la aliye mbali ni kamba, ng'wanawane, mwanangu. Ukiitupa hewani, huwezi kujua nani ameshika ncha ya pili. Wanaotafuta mtu wa kumfanya msukule hawahitaji nyayo zake. Wanahitaji jina tu, na mama ndiye wanayemsikiliza. Nyamazisha jina mpaka arudi."

Nyanjige ni Mkatoliki, tena wa jumuiya. Lakini hofu ikiingia kwa mama haiulizi dini. Siku ya pili yake akapita nyumba kwa nyumba akiwaomba majirani: mniite Mama Precious. Wengine waliguna. Salu, jirani yake wa mpakani, alisema, "Wewe! Unambadilishia mtoto zamu kama foleni ya mashine?" Lakini wakazoea. Ndani ya nyumba Machibya akawa "yule". Hata kwenye misa, padri akisema kila mtu ataje nia yake kimoyomoyo, Nyanjige alisema, "Mungu, yule, unamjua."

Alianza kutuma salamu redioni kwa sababu ya upweke. Paschal, mwenye duka la stendi pale Bariadi, alikuwa anauza kadi za salamu, na yeye mwenyewe alikuwa mtuma salamu maarufu kwa jina la Pamba Nyeupe. Alikuwa mwenyekiti wa watuma salamu wa Simiyu, mtu wa maneno mengi na kofia. Akamwonyesha jinsi ya kujaza. Kesho yake alasiri mtangazaji akasoma: "Huyu ni Mama Precious wa Ngulyati, Bariadi. Anamsalimu mumewe Mwandu, anamsalimu Salu jirani yake, anamsalimu fundi wa mashine ya kusaga, anamsalimu msikilizaji mmoja aliye mbali, anasema yeye anajijua. Ujumbe wake: njia ya kwenda ndiyo ya kurudi."

Nyanjige alilia akiwa ameshika jembe. Aliona amepata ujanja. Mtoto anaitwa, na wachawi hawana cha kushika.

Akaendelea hivyo miaka. Wa karibu aliwabadilisha, leo huyu kesho yule, lakini mwisho ulikuwa ule ule: msikilizaji mmoja aliye mbali, yeye anajijua.

Watuma salamu huwa na mkutano wao kila mwaka, katika mji huu au ule. Wanakutana watu waliosalimiana miaka kumi bila kuonana sura. Nyanjige hakuwahi kwenda. Halafu Paschal akamwambia, huku anampimia sukari, "Mwaka huu tunakwenda kula samaki. Mkutano ni Tanga."

Nyanjige akamshika mkono, sukari ikamwagika juu ya meza.

Maandalizi yalichukua msimu mzima. Walikutana dukani kwa Paschal kila Jumapili baada ya ibada, wanabishana juu ya sare. Wengine walitaka fulana, wengine kitenge, na Paschal alitaka kofia zenye picha ya pamba. Walibishana basi lipi, walale wapi, nani asibebe kuku. Nyanjige hakubishana na chochote. Alikuwa anakata viazi nyumbani, anaanika juani, anapata michembe, maana Machibya tangu mtoto alikuwa anakula michembe kwa karanga mpaka anaumwa tumbo.

Mwandu alimtazama siku nyingi kabla hajauliza. "Unafuata nini huko?"

"Kusalimiana na wenzangu."

"Kusalimiana! Mimi niko hapa, tangu asubuhi hujaniambia hata mwangaluka."

"Mwangaluka, baba Precious."

Mwandu akachukua fimbo yake. Akasema, "Hata mimi umenibadilisha jina," akatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Precious, ambaye sasa alikuwa binti mkubwa anayejua kushona, ndiye aliyemshonea sare. Alikuwa anapiga pasi akasema, "Mama, ukifika kule uliza kwa jina. Usiende kuuliza watu wa Tanga habari za 'yule'."

"Nina picha yake ya darasa la saba."

"Picha haiitiki, mama."

"Nyamaza wewe. Umezaliwa jana."

Safari ilikuwa ya siku mbili, Shinyanga, Singida, kulala Arusha, halafu kushuka mpaka mkonge ukaonekana kando ya barabara, mistari kwa mistari. Paschal aliimba njia nzima. Walipoingia Tanga Nyanjige hakutazama bahari. Alitazama baiskeli. Dereva hakudanganya: zilikuwa kila mahali, za wazee wenye kanzu, za akina mama wenye vikapu, za wauza mikate, na juu ya kila moja palikuwa na mtu ambaye angeweza kuwa yule.

Ukumbini kulikuwa na vicheko vya kupasua bati. Kila mtu alivaa karatasi kifuani yenye jina la redioni.

"Kumbe wewe ndiye Simba wa Korogwe? Mbona mwembamba hivi?"

"Simba wa mwaka huu hana nyama, mama. Njaa."

"Na nyinyi Wasukuma, mmeleta ng'ombe wangapi?"

Paschal akavua kofia. "Ng'ombe tumewaacha wakituombea, kwa sababu tumesikia watu wa Tanga wakimwona ng'ombe mzima wanadhani ni mgeni, wanamkaribisha chai."

Nyanjige alicheka kwa mdomo. Mwanamke mmoja wa Pangani alimkumbatia akasema, "Mama Precious! Ujumbe wako naujua kwa moyo. Na huyo anayejijua, je, alishajijua?" Watu wakacheka tena. Wengi walikuwa wanadhani ni mpenzi wa zamani.

Siku ya pili wenyeji waliwatembeza mji. Walianza na mapango ya Amboni. Ndani kuna baridi na popo, na mwenye kuwaongoza alipofika kwenye chumba kimoja akaonyesha vitambaa na chupa za marashi zilizoachwa chini. Akasema kuna watu hufika pale na shida zao, wanamtaja mtu wao, wanaondoka. Watuma salamu ni watu wa kutaja. Wakaanza pale pale kwa mzaha, mmoja anamtaja mdeni wake, mwingine anamtaja mke aliyemkimbia, pango linarudisha sauti. Nyanjige alisimama kwenye ukuta, ameufumba mdomo hadi taya likauma. Jina lilikuwa kooni. Ilikuwa kama anamwona Kabula gizani, ameketi anakunywa maji. Akatoka nje bila kusema.

Wenzake walipopanda gari kwenda Raskazone kuona watu wanaoogelea, yeye aliomba ashushwe Ngamiani, kule kwenye barabara zilizopewa namba badala ya majina. Alitembea toka kibanda hadi kibanda cha mafundi baiskeli, anatoa picha kwenye leso, anasema, "Mwangalie huyu." Hakusema zaidi. Wengine walitikisa kichwa, wengine waliuliza, "Anaitwaje?" naye akajibu, "Wewe mwangalie tu," wakamwona kama mtu asiye mzima.

Kibanda cha fundi mmoja mzee, Semboja, kilikuwa chini ya mwarobaini, na matairi yamening'inia kama nyama buchani. "Karibu mama. Baiskeli iko wapi?"

"Sina baiskeli. Mwangalie huyu."

Semboja alifuta mikono kwa kitambaa. Akaishika picha mbali na macho, kisha karibu. "Hapa alikuwa mtoto," akasema. "Lakini ni Machibya."

Nyanjige hakuwa amelisikia jina lile kwa kinywa cha mtu tangu alipowakataza majirani. Akakaa juu ya ndoo ya gundi.

"Wewe ni nani wake?" fundi akauliza, lakini sura za watu husema zenyewe, na sauti yake ikabadilika kabla hajamaliza. "Wewe ndiye Mama Precious."

"Yuko wapi?"

"Kunywa maji kwanza."

"Yuko wapi, baba?"

Semboja akakaa chini kabisa. "Alikuwa analala humo nyuma. Fundi mzuri, mkono mwepesi. Alikwenda soko la samaki, Deep Sea, akaegesha baiskeli ya baba yake, na simu ameitia kwenye kimfuko cha usukani. Aliporudi hakuna simu, hakuna baiskeli. Namba zenu zote zilikuwa humo. Nikamwambia andika barua. Akasema, niandike nini, fundi? Kwamba baiskeli ya mzee sina? Basi ikawa hivyo. Nitanunua nyingine nirudi nayo, nitanunua nyingine nirudi nayo."

"Kwa ajili ya baiskeli," Nyanjige akasema.

"Alikuwa na kiredio. Alasiri moja tunaziba pancha, tukasikia Mama Precious wa Ngulyati. Akaruka mpaka akamwaga maji. 'Kwetu huko! Precious ni mdogo wangu! Huyo ni mama!' Tukacheka wote. Halafu akakaa. Akaniuliza, 'Fundi, kwenu mama anaweza kuacha jina la mtoto wa kwanza akachukua la mdogo, na mkubwa yuko hai?' Nikamwambia sijui mila zenu."

Nyanjige alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi.

"Alisubiri, mama. Saa ya salamu hakugusa kazi. Akatajwa jirani, akatajwa mtu wa mashine, akatajwa hadi mwenye duka. Akaniambia, 'Siku akinitaja tu narudi, hata kwa miguu. Baba anipige, lakini narudi.' "

"Nilimtaja! Kila kadi nilimtaja! Msikilizaji mmoja aliye mbali, anajijua. Ni yeye huyo!"

Semboja alitazama chini. "Nilimwambia hivyo hivyo. Nikasema labda ni wewe. Akasema, 'Fundi, maneno hayo kila mtuma salamu anasema. Wenye mahawara ndio zaidi. Mama yangu ana sauti ya kuita mtu toka mtoni hadi nyumbani. Angekuwa ananiita, angeniita.' "

Baiskeli zilipita barabarani zikilia kengele. Nyanjige akauliza swali la mwisho, ingawa jibu alishaliona usoni kwa yule mzee.

"Alipanda lori la chumvi. Kabla ya Ramadhani, si hii iliyopita, ile nyingine. Nilimuuliza unakwenda wapi, akasema, mbele. Nimeuliza kwa madereva mpaka wamenichoka." Akaingia ndani, akatoka na kiredio kidogo kilichofungwa kwa mpira wa tairi. "Aliniachia hiki. Alisema, kaa nacho, mimi sina wa kunisalimia."

Nyanjige alikichukua kiredio, akamwachia michembe yote. "Akirudi."

"Akirudi," fundi akaitikia, kama mtu anayeitikia msibani.

Siku ya mwisho ya mkutano ndiyo ya matangazo ya moja kwa moja. Mtangazaji huja ukumbini na vyombo vyake, na kila mtuma salamu husoma kadi yake kwa mdomo wake, nchi nzima inasikia. Zamu ya Simiyu ilipofika Paschal alimwita kwa mbwembwe, "Na sasa, mwanamama wa ujumbe mmoja, Mama Precious wa Ngulyati!"

Alikwenda bila kadi. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi ni Mama Machibya," akasema.

Paschal akageuka.

"Mimi ni Mama Machibya wa Ngulyati. Simsalimu mtu mwingine. Machibya. Machibya mwana wa Mwandu. Baiskeli haidaiwi. Rudi bila kitu. Machibya, nakuita."

Sauti ilikuwa ile ya mtoni hadi nyumbani. Yule mwanamke wa Pangani akajifunika uso kwa kanga. Mtangazaji akasema pole mama, nchi nzima imekusikia, akaweka wimbo.

Kwenye basi Paschal hakuimba. Walipokuwa wamepita Korogwe akasema, "Usikate tamaa, Mama Prec... Mama Machibya. Nchi nzima imesikia."

"Nchi nzima imesikia," Nyanjige akasema. "Yeye redio yake ninayo hapa."

Nyumbani alimweleza Mwandu yote, hakuruka neno. Mwandu alikuwa anasuka kamba ya ndama. Aliendelea kusuka mpaka ncha. Akasema, "Ile baiskeli fremu yake ilikuwa imeshakatika. Niliichomea mara mbili. Nilikuwa namtania." Akaifumua kamba yote, akaanza upya, na wala haikuwa na kosa.

Kabula naye alipelekewa habari huko Mwamapalala. Akajibu kwamba kijana yu hai kwa sababu jina lilifichwa, na sasa limetupwa hewani, lolote likitokea asilaumiwe mtu. Maneno hayo Nyanjige aliyasikia na bado yanamla. Mchana anajilaumu kwa kulificha jina, na giza likiingia anaogopa kwa sababu amelitaja.

Alipita tena nyumba kwa nyumba akiomba aitwe Mama Machibya. Watu wazima wakasema sawa. Lakini ulimi ni kama ng'ombe, hurudi kwa njia aliyoizoea. Watoto wa Ngulyati waliozaliwa karibuni huuliza, "Machibya ni nani?" Asubuhi moja Salu alisimama mpakani na bakuli la kuazima chumvi, akaita, "Mama Precious! Mama Precious, upo?" Nyanjige alikuwepo, nyuma ya mlango, hakuitika. Salu alisubiri, akakumbuka, akaweka mkono mdomoni. Halafu akaondoka na bakuli lake, aibu imemshika kuita mara ya pili.

Kwa hiyo mama unayesoma, wa kwako akiwa mbali, mtaje. Usimwambie anajijua. Mtu akishapotea hajijui, anasubiri kuambiwa.

Nyanjige bado anatuma kadi. Alasiri anakaa mlangoni na kile kiredio, mpira wa tairi umeshalegea, ameubadilisha kwa uzi wa pamba. Jana mtangazaji aliisoma kadi yake vizuri, bila haraka: "Mama Machibya wa Ngulyati, Bariadi. Anamsalimu Machibya. Anamsalimu tena Machibya. Ujumbe wake: hana."

Akasikika akiiweka kando, akachukua kadi ya mtu mwingine.